Andika kwa Wino Mweusi

Imeingia leo kwa tundu la barua mlangoni,
imefuatana na bili ya umeme na tangazo la mbolea:
fomu ya daftari la wapigakura.
Hakikisha majina ya wakazi wa nyumba hii.
Kata mstari kwa asiyeishi hapa tena.
Ongeza aliyesahauliwa.
Andika kwa wino mweusi.

Majina mawili, yamechapwa kwa herufi za kiserikali:
ISBISTER, Jessie-Ann.
ISBISTER, Thomas.
Thomas! Stromness nzima nani alimwita hivyo?
Kasisi, siku ya ndoa. Kasisi, siku ile nyingine.
Alikuwa Tammas, ng'ombe kumi na tisa
na ubishi wa watu ishirini.

Miaka arobaini na sita tulipiga kura pamoja
katika ukumbi wa shule, penseli imefungwa kwa uzi,
mimi na upande wangu, yeye na wake,
kura yangu ikila yake, yake ikila yangu,
tukirudi nyumbani sare.
"Jessie-Ann," husema akitafuta buti,
"tungebaki na chai yetu, nchi isingejua tofauti."
"Baki wewe," humjibu.
Hakubaki.
Hata mwaka ule upepo ulipong'oa paa la ghala la kina Flett,
alitoka, kofia kaishika kwa mikono miwili,
kwenda kunifuta.

Tangu Februari nimefuta mengi.
Meza. Miwani yake, ambayo haina tena wa kuivaa.
Tope la buti ambazo sijui ni za nini.
Uso wangu, lakini hilo si la kuandikwa.
Futa hii ndiyo sijaiweza:
ya rula, ya mstari ulionyooka.

Fomu ikakaa nyuma ya saa siku kumi na moja.
Ukaja ukumbusho.

Asubuhi hiyo Sheeba alirudi kutoka zamu ya usiku,
muuguzi mpangaji wangu, chumba cha juu,
ambaye kwao Kottayam mvua inanyesha kwa adabu,
kutoka juu kwenda chini.
Aliisoma bila kuvua koti.
"Na mimi je?"
"Unaruhusiwa?"
"Niliuliza. Naruhusiwa."
Miaka miwili ananipikia dengu kila Jumapili,
na sikuwahi kumuuliza.
Nikaandika, akinitajia herufi moja moja:
VARGHESE, Sheeba.

Kisha Merran akashuka, mjukuu, miaka kumi na sita
tangu Jumanne, anaishi kwangu kwa ajili ya shule.
Nikamwandika.
"Fomu peke yake haitoshi, Bibi. Kila mtu hujiandikisha mwenyewe."
Akajiandikisha kwa simu, mkate mdomoni,
akakwama kwenye namba ya bima;
namba nilikuwa nayo mimi, kwenye kopo la biskuti.
"Haya, utampigia nani?" nikauliza, mjinga mimi.
Akanitajia.
"Hapana! Watu wale? Waliofunga kituo cha basi?"
"Bibi, waliofunga ni wenu."
Tukabishana mpaka chai ikaota ngozi.
Sheeba akapanda kulala, akicheka peke yake kwenye ngazi.
Na mimi, katikati ya sentensi yangu kali kabisa,
nikaona lile dole lake likigonga meza,
gonga, gonga, pause ya kuvuta pumzi, gonga.
Nililijua dole lile.

Nikaomba rula.
Mstari nimeuchora mwembamba.
Jina bado linasomeka chini yake
ukiliinamia kidogo.

Sanduku la posta liko kona, upepo uko kati yetu.
Merran amevaa buti za babu yake, soksi jozi mbili,
anasema anatoka hata hivyo.
Bahasha haihitaji stempu.
Ilikwisha kulipiwa.