Kilo Mbili

Fundi Chambuso aliniambia zamani:
"Chuma ndicho kinachoimba. Chepesi ni debe."
Nikamwamini miaka kumi na tisa,
nikapandisha transfoma ngazi za baa, Sinza, Buguruni,
kilo ishirini na mbili, mpini umekatika,
nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.
Bendi nzima ikinitazama napanda:
mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.

Leo Kariakoo, Shabiri ananiwekea kaunta
kitu kama kopo la biskuti.
"Wati mia mbili."
"Za kweli?"
"Kwa spika ya omu nne. Ya nane, kata nusu."
Angalau hadanganyi.

Na umeme ukishuka, kama Mbagala saa tatu usiku,
friji zote za baa zikinguruma?
"Tundu hili tunachangia na pasi ya fundi cherehani," anasema.
"Piga tu."

Sipigi solo ya kujionyesha.
Noti moja, uzi wa nne, naiacha.
Shabiri anazima feni bila kuombwa.
Inakaa. Inakaa mpaka honi za nje
zinasikika kama zimekosea ufunguo.
Kisha kodi, kwa nguvu zote, nalitafuta lile debe.

Debe halipo.
Kilichokosekana ni mvumo wa chini,
pumzi ya chuma kikipata moto;
sikujua kama nilikuwa naupenda.

Nalipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi.
Kinaingia mfuko wa gitaa, pembeni ya kandambili.
Nashika njia ya Gerezani mikono mitupu,
bega la kulia limeinama,
linangoja.