Bahasha za Alhamisi

Kila Alhamisi nafungua bahasha,
ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
hapa Duluth, ambako ziwa huganda
na mlango wetu wa chini hukwamishwa na barafu
mpaka uusukume kwa bega.
Kisu changu ni cha siagi. Kinatosha.

Dola ishirini za mwalimu mstaafu,
mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua.
Elfu mbili za kampuni ya mbao,
na barua inayouliza jina lao litakaa wapi ukutani,
kwa herufi za ukubwa gani.
Ukuta tunao, namwambia wakili Oftedal,
ila una unyevu.
Anacheka. Andika asante, anasema,
andika kwa herufi kubwa.

Bi Lempi Harjula hutuma sarafu.
Huzibana kwa plasta kwenye kadibodi ya pakiti ya chai,
mojamoja, kama vifungo vya shati dukani,
na chini huandika: Za wiki hii.
Nilikuwepo mahakamani mwaka ule bomba lilipopasuka.
Mwenye nyumba alikuja na wakili, wakili na mkoba,
yeye na mfuko wa plastiki
uliojaa risiti za kodi za miaka tisa.
Hakimu alitazama saa.
Dakika nne, ndiyo zamu ya mtu kupoteza nyumba;
yai la kuchemsha hukaa motoni kuliko hapo.
Ndipo Oftedal akaingia, theluji bado mabegani,
akaomba risiti zisomwe.
Zikasomwe wapi! Mwenye nyumba akaomba mazungumzo.

Kumbe sheria ilikuwa upande wa Bi Lempi siku zote.
Lakini sheria ni kisima na kamba ni fupi:
maji unayaona, uso wako unauona ndani yake,
ndoo haifiki.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofunzwa.
Hatukuambiwa kwamba kibaba chenyewe
huliwa siku moja,
na kesho yake foleni iko palepale ngazini,
watoto wamevaa soksi mikononi.

Leo, chini kabisa ya rundo,
bahasha ya kahawia, stempu imebandikwa kichwa chini.
Verlin Stroud.
Jina hili nalijua. Nililiandika mwenyewe, Novemba,
katika daftari la watu tuliowakatalia.
Nilimwambia kwenye simu: samahani, mwezi huu tumejaa.
Akasema, naelewa.
Nikasema tena, samahani.
Akakata.

Ndani mna noti moja ya kumi, noti moja ya moja,
na karatasi iliyochanwa kwenye kalenda:

*Nyumba ilikwenda. Nipo gereji kwa dada yangu,
kuna hita, msihangaike.
Hili si deni, kwenu sina deni.
Ila siku ile ulisema samahani mara mbili,
na ile ya pili haikuwa ya kazini.
Akija mwingine, msimwambie mmejaa.*

Daftari la michango lina safu ya sababu ya kutoa:
mteja wa zamani, rafiki wa ofisi,
kumbukumbu ya marehemu.
Kalamu inasimama juu ya karatasi.
Si mteja. Rafiki, nani angethubutu kumwita.
Naiacha safu nyeupe,
naandika kumi na moja,
naandika tena kwa maneno, kumi na moja,
kama vile tarakimu peke yake ingeweza kuteleza.

Simu inalia.
Mwanamke, pumzi fupi, mtoto analia nyuma yake.
Notisi imebandikwa mlangoni tangu jana.
Kesi ni Jumatatu. Ameambiwa sisi huwa tumejaa.

Oftedal ana kesi sita Jumatatu.
Natazama lile rundo. Natazama kisu cha siagi.

Njoo, namwambia.
Bandua hiyo karatasi, njoo nayo, na risiti zote.
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Mlango wa chini ukikukatalia
usirudi nyumbani.
Usukume kwa bega.