Futi Nne

Baba, fundi Shemahonge wa Muheza,
aliyechimba msingi wa jiko letu hadi kifuani pake
na bado akasema, "Hapa tumelipua,"
aliniuliza swali moja tu kuhusu Salisbury:
hilo kanisa unalofagia, msingi wake umekwenda chini kiasi gani?

"Futi nne."

Simu ikanyamaza. Nikadhani salio limekata.
Kisha akacheka kile kicheko chake
cha kurudisha lori la mchanga wenye chumvi.
"Nani kakudanganya?"

Bi Sturgess hakunidanganya. Ana miaka sabini na sita,
funguo kiunoni na mafua yasiyoisha.
Alhamisi jioni, wageni wameshatoka, mimi na polishi yangu,
alipiga magoti, akainua kijifuniko sakafuni,
akashusha fimbo ndefu
kama dereva anayepima oili ya injini.
Ikapanda imelowa.
"Vizuri," akasema, akaifuta kwa leso.

Vizuri, maana maji yapo.
Maji yakiwapo, changarawe inashikana;
yakikauka, mnara wa mita mia na ishirini na tatu
utaanza kutafuta pa kulala.
Kwetu tunaomba ukuta usipande unyevu.
Hawa, miaka mia nane, wanaomba usikauke.

Nikampa Baba na uzito: mnara na ncha yake,
tani elfu sita na mia tano,
umepandishwa juu ya nguzo ambazo hazikuambiwa mapema.
Nikasikia vitufe vya kikokotoo.
"Mifuko laki moja na thelathini elfu ya saruji,"
akasema polepole, "juu ya futi nne."
Siku hiyo hakucheka.

Akaniagiza nikapime nguzo. Nikapima kwa shubiri,
nikachoka, nikaegemea jiwe, nikatazama juu:
zimepinda.
Zimepinda kama mgongo wa mtu aliyejitwika debe
na hataki kulitua mbele za watu.
Huko juu kabisa ncha imehama
sentimita sabini na kitu kutoka pake.

Na mirunda ya mafundi wale ingali ndani ya ncha,
mbao zilezile. Hawakuishusha.
"Basi hawakuikodi," Baba akanung'unika.

Iko na saa ya kale, fremu tupu ya chuma, haina uso.
Haina mishale, haina namba; iliundwa igonge tu.
Ndiyo pekee hapa Uingereza ambayo haibishani nami
kama saba yao ndiyo moja yetu.

Usione vyaelea, vimeundwa.
Nilikariri hivyo darasa la nne, nikapata alama zote,
sikujua kuna jiwe linaloelea.

Mwezi huu miguu ya Baba imejaa maji.
Daktari kampa vidonge vya kuyakausha.
Anataka kujua kwa nini ya kanisa yaachwe
na ya kwake yatolewe.
Nimekosa jibu. Nimemwambia ainue miguu juu ya mto.

Ila kila Alhamisi, kabla sijavua glavu,
namtumia maneno mawili:
Fimbo imelowa.
Hujibu papo hapo, kwao saa nne za usiku:
Basi nilale.