Macho Yalingane

Aikande alianza na soksi moja,
ile iliyokimbiwa na mwenzake,
akaishindilia magome makavu ya mgomba,
macho akashona vifungo alivyovipata:
kimoja cha koti, kimoja cha shati.
Mtoto akanyamaza. Basi.

Siku hizi Kiboriloni akitokea tu
wanaitana, "Mama Midoli huyo!"
na marobota yanakatwa kamba.
Anataka sweta zilizochanika viwiko,
anafumua nyuzi, anapata nywele.
Cherehani nne, mafundi saba,
mkopo umebaki miezi miwili.

Juzi mnunuzi wa Arusha kapiga simu.
Mia tatu, kabla ya Krismasi.
"Kazi nzuri, mama, ila macho yalingane."
Mafundi wameacha kukanyaga cherehani,
wanamsikiliza. Ijumaa ni mshahara.
"Yatalingana," akasema.

Usiku umeme umekatika Moshi nzima.
Anawasha koroboi, anavuta droo ya risiti,
anamtoa yule wa soksi, kisigino kimetoboka,
anamziba kwa uzi wowote, mwekundu,
kisha anamketisha juu ya daftari la hesabu.

Jicho kubwa linamtazama yeye.
Lile dogo linasoma madeni.