Rasimu ya Tano

Fomu inauliza: kwa nini unataka
shahada ya uzamili ya masomo ya anga za juu?
Maneno yasizidi mia tano.
Saa tisa usiku, Kibosho. Umeme umekatika,
kompyuta imebakiwa na asilimia kumi na nane,
mimi na sentensi moja
niliyoifuta mara nne.

Rasimu ya kwanza ilisema: tangu utotoni nilizipenda nyota.
Uongo. Utotoni niliogopa giza la migombani,
nikienda chooni naimba kwa nguvu ili chui anijue.
Na mbingu yetu ni ya kuazima:
Juni nzima mawingu yanalala juu ya paa
kama mgeni asiyeaga.

Ya pili ilitaja maendeleo ya taifa.
Ilisomeka kama hotuba ya kuzindua kisima.

Ya tatu ilikuwa ya baba.
Miaka kumi na tisa mpagazi,
kilo ishirini kichwani: viti vya kukunja, mayai,
choo cha plastiki cha wageni.
Ukimuuliza kileleni kukoje, hujibu:
kuna baridi, halafu unashuka.

Nilimwonyesha Kibo kwenye picha ya satelaiti,
kutoka kilomita mia saba juu,
weupe uliosalia mwembamba
kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Akaweka kidole, kucha yake ikafunika barafu yote.
"Hapa tulilala. Chini yetu kulikuwa kunalia."
Kisha: "Huyu aliyepiga picha,
mizigo yake alibebewa na nani?"
Hakuna mtu, baba. Ni chombo.
Kinaanguka tu. Kinaanguka kuizunguka dunia
na chini hakifiki.
Akafikiri.
"Basi ni kama bei ya kahawa."

Hilo sikuliandika. Wangedhani natania.

Ya nne ilikuwa hesabu:
ada, bima, tiketi, viza, koti.
Mama Anaeli akasikiliza hadi mwisho, mwiko mkononi.
"Na ukimaliza, kazi utafanyia wapi? Huko?"
Akauelekeza mwiko darini.
Mkuu wa shule amenipa barua ya mapendekezo:
ni mwadilifu, hachelewi, anaelewana na wenzake.
Fizikia hakuigusa.

Juzi, kidato cha pili, kipindi cha mwisho,
nimechora mwezi ubaoni, chaki imenijaa kwenye mikono,
Kundaeli akanyoosha mkono,
yule anayekaa nyuma kwa sababu ya kikohozi:
"Mwalimu, kule mpaka unapandwa nini?"
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Kwao kuna kesi ya kihamba,
mtu kang'oa isale usiku
na ukoo mzima umeacha kusalimiana.

Nikasema nitamjibu Jumatatu.
Jumatatu ilikuja, ikapita.
Nilisoma hadi macho yakawasha:
kuna mikataba, kuna nchi ambazo hazijatia sahihi,
kuna kampuni zinazopima udongo wa mwezi kwa kilo.
Sikuona popote paliposemwa
nani ataitwa kusuluhisha
siku mpaka utakaposogezwa,
wala atakayetaka kuomba radhi
ataleta jani gani.

Basi andika hivyo.
Ninaandika hivyo, bila "tangu utotoni",
kwa Kiingereza changu cha ubaoni,
asilimia nne, mwanga wa kioo nimeushusha
hadi herufi zinafanana na vumbi.
Maneno mia mbili na sita.
Sijui kama yanatosha. Sijui
kama isale lina jina katika lugha yao;
nimeliacha kama lilivyo.

Nje, baba anafunga viatu.
Zamu yake leo ni lango la Umbwe,
wageni sita, siku saba.
Tochi yake inapita dirishani, inarudi, inasimama.
"Wewe. Bado unaanguka?"

Bado, baba.

"Haya. Funga mlango, kuna umande."