Kukata Mkia

Gari la Bi Nyanzobe liliingia Isevya likitetemeka
kama mtu aliyeshikwa na homa njiani toka Ipole,
likidondosha oili, matone meusi nyuma yake,
kila tone na bei yake.

Nikaingia uvunguni na gunia na tochi.
Springi zilikuwa zimeongezwa majani, manne kila upande,
ili tumbo lisiguse tope la mbuga mwezi wa tatu.
Gari likapata kimo, propela ikapata mteremko.
Na pale nyuma ya transfa, shafti yenye mkia mrefu,
propela imeuvaa tu, haikufungwa popote:
inaingia, inatoka, inaingia, inatoka,
kila shimo inachomoza kama ulimi,
na sili imechoka kulamba.

"Mama, hii sili umebadilisha mara ngapi?"
"Tano. Ya tano Mhoja aliizungushia uzi wa kiroba."

Basi tukate, nikasema.
Mkia uondoke, mahali pake tufunge fulenji isiyocheza,
bolti moja kubwa katikati, nne za propela pembeni.

Alikuwa amekaa juu ya dumu tupu, akichora vumbi kwa funguo.
Akauliza swali ambalo mafundi wawili kabla yangu hawakuuliza:
"Na huko kuingia na kutoka kutakwenda wapi?
Difu bado itaruka. Mashimo hujayakata."

Hapo nikamheshimu.
Hakufi, nikamjibu. Tunakuhamisha.
Tunakutia katikati ya propela yenyewe, meno ndani ya meno,
na nipeli yake ya grisi.
Kucheze huko kwake.
Transfa ilale na oili yake.

Nikapima mara tatu. Ya nne nilipima kwa woga,
maana ubao ukikosea unanunua mwingine,
shafti hii ilitoka kwenye gari lililofia Urambo, haina ndugu.
Sizya akashika tochi, akafumba macho kabla ya cheche.
Grainda ikalia. Kuku wa jirani wakahama.
Robo tatu ya chuma, umeme ukakatika.

Tukatazamana na ule mkia
ambao haukuwa umekatika wala haukuwa mzima.
Asali ilikuwa inasubiri porini kwenye madebe,
na wenye mizinga hawali ahadi.

Msumeno wa mkono, basi.
Mimi, kisha Sizya, kisha yeye mwenyewe,
kitenge amekikaza, akihesabu mipigo kwa Kinyamwezi,
anapotea kwenye thelathini, anaanza tena.
Kikaanguka alaasiri. Kilikuwa kidogo kuliko kelele zake.

Umeme uliporudi nikatoboa katikati ya shafti.
Kazi hiyo unaifanya bila kuvuta pumzi:
ukienda pembeni unywele mmoja,
gari litakuimbia hadi Sikonge na kurudi.
Nikachonga njia ya bolti, nusu mzunguko mbele, robo nyuma,
oili kidogo, robo nyuma tena.
Sili mpya. Fulenji ikakaa. Nikaitikisa kwa mikono miwili
kama mtu anayetafuta ugomvi.
Kimya.

Alfajiri tukatoka naye, barabara ya Sikonge, pembeni miombo.
Thelathini. Hamsini. Kwenye sitini, pale palipokuwa na homa,
nikasubiri.
Yeye akanyoosha mkono akazima redio.
"Mwaka wa pili huu sijawahi kuizima," akasema,
na hatukuongea tena mpaka kwenye daraja.

Alilipa robo tatu. Robo iliyobaki ililetwa na Sizya,
ndoo moja, nta bado inaelea juu.

Ule mkia aliuomba.
Upo kibandani kwake sokoni, unakandamiza mfuniko wa pipa.
Nikipita nausukuma kidogo kwa kidole.
Unateleza.
Anaendelea kumhudumia mteja, hanitazami,
anaurudisha.