Kipimo cha Meza

Tulimwita Meza kwa sababu mgongo wake
ungebeba birika, vikombe vinne na sahani ya mandazi
bila tone kumwagika.
Jike la hudhurungi, mfupi, tumbo la pipa,
aliletwa Jinja kwa lori kutoka Eldoret
pamoja na tandiko lisilo lake.

Lugha yetu hii ina utani:
unatandika kitanda, mtu alale;
unatandika farasi, mtu apande;
unamtandika mtoto, mtu alie.
Nilidhani namfanyia la pili.
Kumbe miezi saba namfanyia la tatu.

Alianza kung'ata hewa nikikaza mkanda wa tumbo.
Akawa anashuka mteremko wa Bujagali
kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake.
"Kiburi," alisema meneja, Tenywa. "Mnene hakosi kiburi."
Akanitazama alipotamka mnene,
nami nikavuta fulana hadi chini ya nyonga.

Kisha nikaona mvi:
mabaka mawili meupe nyuma ya mabega,
kila upande moja.
Farasi wa miaka tisa hazeeki mahali pawili tu.

Tandiko aliloacha Mjerumani lilibana.
Tuliloazima Kampala liliyumba, kigoda cha mguu mfupi.
La tatu lilimtosha mabegani, ila refu, likamkalia figo,
na mimi ndani yake
nilikuwa unga uliozidi bakuli.

Basi nikachukua waya wa ua,
nikaubonyeza nyuma ya bega lake, nikauinua polepole
nisiuharibu umbo,
nikalichora kwenye boksi la sabuni.
Mstari ulitoka bapa,
kilima kilichokataa kuwa kilima.
Nikapanda basi na boksi langu hadi Bombo

kwa Zamzam Fadhlmula, Mnubi, fundi ngozi,
ambaye marehemu mumewe alisifiwa kwa buti za jeshi
na nusu ya buti hizo alizishona yeye.
Kiswahili chake cha kambini, changu cha kambini;
baba zetu walitulea kwa amri na posho.
Hakuwahi kumgusa farasi.
Alikigeuza kile kipande, akakinusa.
"Farasi wako ananuka sabuni.
Haya, mgongo nimeuona. Anayeukalia yuko wapi?"

"Ni mimi," nikasema, sauti ndogo kuliko mwili.

Akanikalisha juu ya gunia la pumba,
akanizungushia futi, akasoma namba zangu kwa sauti
mbele ya wanagenzi wawili,
kama asomaye bei ya sukari:
hakunihurumia, hakucheka.
Nyonga, paja, goti hadi kisigino.
Akaandika pia kwamba upande wangu wa kulia unashuka,
jambo ambalo hata mimi sikulijua.

"Tandiko lina wateja wawili," alisema, uzi mdomoni.
"Mmoja juu, mmoja chini.
Mmoja akilia, nimeshona takataka."

Wiki sita. Kiunzi kilipanuliwa na mhunzi wa Katwe,
ngozi ilitoka Mbarara, ikinuka ng'ombe na mafuta.
Nililipa kwa mafungu matatu.
La tatu bado.

Jumamosi tulikwenda Naminya na kurudi.
Nikamvua, nikainama kulisoma jasho,
maana tandiko husema kweli likishavuliwa:
panapobana hubaki pakavu.
Nikapitisha kiganja. Maji. Maji. Maji pote,
isipokuwa bega la kushoto, pakavu
kiasi cha sarafu ya mia.

Meza naye ana upande mmoja mkubwa kuliko mwingine.

Tenywa alikuja, mikono mfukoni,
akauliza kile kiburi kimekwenda wapi.
Meza alikuwa anakula majani,
makalio yameelekezwa kwa meneja.
Mimi sikumjibu.
Nilikuwa nimevua soksi moja,
naikunja mara mbili, naipima mara tatu,
niichomeke upande wa kulia
tuanze tena.